Florentine Kahongya, Mama Aliyefukua Mgomba Siku ya Noeli

Padri Blaise, wakristo wa shirika letu la Beu, jamaa wa Kalunguta na wa Butembo, nanyi majirani mliopanda kilima hiki na matope yote ya leo: asanteni. Maisha ya Mama Florentine Kahongya yanasomwa na binti yake mkubwa, Germaine, ndiye mimi. Wazee wa familia walimwomba Germaine aandike maneno mafupi na matamu, kwa sababu tuko katika juma la Noeli na watu wana haraka ya kurudi kwao. Mafupi, atajaribu. Matamu, mumuwie radhi. Marehemu alichukia kufunikwa maneno ya sukari alipokuwa hai, na si haki kumfunika leo, kwa kuwa hawezi tena kuamka akatufukuza.

Florentine Kahongya alizaliwa hapa Kalunguta tarehe 14 Mei 1961. Baba yake alikuwa Zacharie, mlimaji wa maharagi na kahawa, na mama yake Mariette, ambaye sauti yake kanisani ilisikika mpaka mtoni. Alibatizwa Noeli ya mwaka uleule. Sauti ya mama yake aliirithi, na ukali wake pia, maana Mariette hakuwa mtu wa kuchezewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967. Alipofika mwaka wa nne baba yake aliamua kwamba wavulana ndio watakaoendelea. Kesho yake Florentine alirudi darasani peke yake, akakaa kwenye benchi lake, akamwambia mwalimu: “Baba njo alisema nitoke. Miye sikusema.” Akaendelea kuja hivyo juma zima, mpaka Zacharie alipokuja kumtoa kwa mkono, darasa lote likicheka. Yeye hakucheka. Kusoma alijua, na kuandika jina lake alijua, lakini shule ilikuwa imeisha. Basi mjue tangu sasa kwamba kukubali jambo kulikuwa kazi ngumu kwa mtu huyu, hata alipokuwa mtoto.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Mwalimu Melchior, mtu wa Lubero, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi mjini Beni, nao wakakaa Beu, mtaa wa mji huo. Mwalimu alimwona mara ya kwanza akiongoza nyimbo za Noeli, na anasema mpaka leo kwamba hakusikia neno hata moja la mahubiri ya siku ile. Walikuwa watu wawili tofauti kabisa. Melchior ni mtu wa ndiyo: ukimwambia mvua itanyesha, ndiyo, ukimwambia haitanyesha, ndiyo vilevile. Florentine alikuwa mtu wa hapana. Mungu aliwapa watoto watatu: Germaine, Anne-Marie na kitinda mimba wao Éphraïm, aliyezaliwa mwaka 1991.

Kwa zaidi ya miaka thelathini Mama Florentine aliuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni Beu. Siku moja mkubwa mmoja wa serikali, aliyetumwa huku kutoka jimbo la mbali, alisimama mbele ya meza yake akaziba pua. “Mama, samaki yako inanuka!” Naye, bila hata kuinua macho: “Chef, ya kunukia muzuri banauzisha pale ku parfum. Hapa ni makayabu.” Soko zima liliangua kicheko, na chef mwenyewe akawa mteja wake mpaka alipohamishwa. Jumapili alivaa kitenge cha kwaya, na kila Noeli yeye ndiye aliyeanzisha wimbo wa kwanza usiku wa mkesha. Wale wenye umri wanakumbuka. Alipofungua kinywa, watoto waliokuwa wamelala juu ya migongo ya mama zao waliamka.

Sauti hiyo tuliipoteza Desemba 2019.

Éphraïm alikuwa ameoa msichana wa hapa Kalunguta, Nadège, na walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Gaëlle, ambaye alikuwa hajafikisha miaka miwili. Tarehe 21 Desemba alienda na wenzake watatu kwenye shamba la kakao, mashariki ya Beni, upande wa milima, wavune kilichoiva kabla ya sikukuu. Wauaji wa msituni waliwakuta huko. Wawili tuliwazika. Mmoja alitoroka, na akasema alimwona Éphraïm kwa macho yake, akiwa mzima, mzigo kichwani, akisukumwa kuingia msituni pamoja na watu wengine. Tangu hapo hakuna aliyemwona, wala kusikia habari yake, wala kuokota hata kiatu.

Mama alimtafuta. Alifungua shuka za watu wasiomhusu katika chumba cha maiti. Alienda kambini kwa askari, ambako luteni mmoja, kijana aliyetoka mbali, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia kwa Kilingala chake: “Mama, zonga na ndako.” Yaani, rudi nyumbani. Mama alirudi, na nyumbani alikuta majirani wameleta kuni za moto wa kilio, kama tunavyofanya kwa kila aliyefiwa. Alisimama mlangoni, akapanua mikono. “Mubebe kuni zenu. Hapa hapana kilio. Mutoto wangu hakufa, alipotea.” Na watu wakabeba kuni zao wakarudi nazo, wakinung’unika.

Kisha wakaja wafariji. Ee, wafariji! Ulikuwa wakati wa Ebola, hakuna aliyethubutu kumshika mama huyu mkono, lakini midomo ilifanya kazi ya mikono na miguu pia. Mmoja alimwambia Mungu alimpenda Éphraïm kuliko sisi. Mwingine alimwambia asilie kwa sababu Mwokozi anazaliwa, na machozi siku ya Noeli ni dhambi. Wengine wenu mko hapa mbele yangu, mmekaa vizuri kwenye viti, na mnajijua. Mama mmoja wa shirika, kwa nia njema, alimkumbusha kwamba Bikira Maria naye alifiwa na mtoto. Mama Florentine alimgeukia. “Maria bamupatia maiti ya mutoto wake ku mikono. Miye munipatie nini?”

Hapo ndipo walipoanza kumchukia kidogo. Mtu aliyekataa faraja yako ni kama aliyekataa chakula chako.

Mwaka ulipita. Desemba 2020 ilipofika, shirika lilikaa kikao bila yeye. Aliyeleta shauri alikuwa Esdras, mdogo wake Melchior, na ni lazima kusema ukweli kwamba Esdras hakuwa na ubaya moyoni. Alimhurumia. Alisema mama huyu ataingiaje katika Noeli ya pili na mzigo ule? Wazee wetu walikuwa na njia. Mtu akipotelea majini au vitani, na mwili usionekane, hukatwa mgomba wenye urefu wa mtu, ukavishwa nguo zake, ukazikwa kama yeye. Hapo kilio hufungwa, mjane huwa mjane, na walio hai hupata ruhusa ya kuishi. Esdras alisema tumfanyie hivyo Mama Germaine, iwe zawadi yetu ya Noeli. Mwalimu Melchior alisema ndiyo. Padri Blaise alipoombwa kuja kubariki alijibu kwamba yeye hakupewa upadri wa kuzika migomba. Basi wakamchukua katekista Octave, ambaye alikuwa mlaini zaidi.

Mama alikuwa Butembo, kwa Germaine, aliyekuwa amejifungua. Tarehe 23 Desemba walichimba kaburi hapa Kalunguta, hatua chache tu kutoka hapa tulipo. Waliuvisha mgomba koti la Éphraïm, wakaufunika kwa shuka nyeupe, wakauweka chini. Octave akasali. Nadège akanyolewa nywele kama mjane. Wakapanda msalaba wenye jina na tarehe.

Kesho yake Mama alishuka kutoka Butembo kwa pikipiki, akasimama hapa asalimie kabla ya kuendelea Beni. Watu walitoka kumpokea kwa kuimba. Esdras, uso unang’aa, akamshika mkono akampeleka mpaka kwenye udongo mpya. “Mama Germaine, tulikutayarishia Noeli. Sasa utaimba na sisi.” Mama alisoma jina juu ya msalaba. Aliomba maji ya kunywa, akaenda kulala bila neno, na watu wakaambiana kwamba amekubali. Kumbe hawakumjua hata baada ya miaka yote hiyo!

Asubuhi ya Noeli, watu wakipita na nguo zao nyeupe kwenda kusali, walimkuta ndani ya kaburi mpaka kiunoni, jembe mkononi. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Watoto wa kwaya walisimama kando ya njia na mishumaa yao. Alipoufikia mgomba aliuvua koti polepole, kifungo kwa kifungo, kama anayemvua mtoto aliyelala, akalikung’uta udongo. Melchior alikuja mbio, anahema.

“Mama Germaine, batu banatuangalia!”

“Baangalie. Hii koti nilimununulia ku Butembo. Akirudia atavaa nini?”

“Harudie, Mama Germaine. Mwaka muzima!”

“Donc wewe uko na haraka. Miye sina.”

Aliuburuta ule mgomba mpaka njiani akauacha pale, na mbuzi wa Kalunguta walikula Noeli nzuri mwaka ule. Watu walisema ameharibika kichwa. Mwalimu Melchior, mtu wa ndiyo, hakumsemesha bibi yake kwa siku nyingi. Nadège alibaki na kichwa kilichonyolewa, si mjane wala si mke.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu Germaine asingesimama hapa kama lisingekuwapo. Tarehe 28 Desemba, Jumatatu, Mama aliingia katika kapela yetu ya Beu kwa sala ya asubuhi. Hakwenda kusali. Alisema mwenyewe: alikwenda kumngoja Octave amalize, amkamate masikio mbele ya watu kwa kosa la kuusalia mgomba. Alikaa benchi la mbele kabisa. Ilikuwa sikukuu ya wale watoto wachanga wa Betlehemu waliouawa na mfalme, na somo la siku hiyo, kila mkristo analijua, linaishia na mama anayelilia watoto wake na kukataa kufarijiwa. Octave alisoma vizuri mpaka akafika pale. Akainua macho, akamwona Mama Florentine mbele yake. Akaruka mstari, akatafuta wimbo.

“Soma, Octave,” Mama alisema kwa sauti, kanisani. “Soma yote.”

Octave alisoma yote. Baada ya sala Mama alimfuata nje, na yeye akaweka mikono juu ya masikio yake, maana alijua kilichomleta. Lakini Mama aliuliza tu:

“Ule mama, nani alimuambia anyamaze?”

Octave alifungua tena kitabu, akatafuta juu, akatafuta chini. “Hapana mutu, Mama.”

“Baada ya pale banasema nini?”

“Hapana kitu. Inaisha vile.”

“Inaisha vile?”

“Ndiyo, Mama. Njo mwisho wa somo.”

Mama alikaa chini kwenye ngazi ya kapela, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mtoto apotee, kilio kikubwa, kamasi na yote, na Octave amekaa kando yake hajui aweke wapi mikono yake. Alipomaliza alijifuta kwa kitenge. “Basi na miye iko nafasi yangu ku Noeli,” alisema. “Wewe bado sijakusamehea mugomba. Mais asante.”

Mnaotafuta faraja ya kikristo ya Mama Florentine, ni hiyo. Hakupewa nyingine. Alikuta kwamba ndani ya juma la Noeli, kati ya malaika na wachungaji, Kanisa limemwacha mama mmoja alie, na kwa miaka elfu mbili hakuna aliyemwambia nyamaza. Tangu mwaka ule, tarehe 25 alikaa nyumbani na mlango umefungwa, na tarehe 28 alienda kusali. Huko Beni wanawake wengine wakaanza kumfuata, wa Beu na hata wa Ruwenzori ng’ambo ya mji, kila mmoja na mtu wake aliyechukuliwa. Walikaa benchi moja, kisha mawili. Hawakuwa na kiongozi wala kitenge cha sare. Walilia, wakarudi sokoni. Hakuna aliyepona, lakini walikaa pamoja.

Ingekuwa vizuri wasifu uishie hapo. Lakini alibaki Nadège.

Mwaka 2022 fundi cherehani mmoja wa Butembo, Syauswa, alileta neno kwamba anataka kumwoa. Ni mtu mtulivu, amekaa pale nyuma na kofia mkononi. Padri Blaise alieleza kwamba Kanisa linaweza kutangaza kwamba Éphraïm amekufa, ijapokuwa hakuna mwili, kama familia itashuhudia hivyo kwa sauti moja. Melchior alikuwa tayari. Esdras alikuwa tayari tangu zamani. Na kila mtu alimgeukia yule aliyefukua kaburi mbele ya parokia nzima.

“Muke ya mutu ni muke ya mutu,” Mama alisema.

“Mama,” Nadège alimjibu, na alikuwa amepiga magoti, “niko na miaka makumi mbili na saba. Nikae nangoja nini?”

“Ile miye nangoja.”

“Wewe ulisha kuzaa, ulisha kuishi na bwana yako. Miye nimekaa na bwana miaka tatu. Unanizika muzima, Mama!”

Mama alinyanyuka akaenda kupanga samaki wake. Mwaka mzima walikaa nyumba moja, wakila sahani moja, hawaongei zaidi ya chumvi na kuni. Nadège angeweza kuondoka tu, kama wanavyofanya wengine siku hizi. Hakuondoka. Alitaka abarikiwe, na alitaka abarikiwe na mama huyu.

Tarehe 28 Desemba 2023 Nadège aliingia kanisani na Gaëlle, akakaa kwenye lile benchi la waliao. Hakulia. Alikaa macho makavu, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja gari ambalo halipiti tena. Mama alimtazama tangu mwanzo wa Misa mpaka mwisho. Walipotoka alimvuta kando. “Bote balikuwa bananiambia namna ya kulia,” alisema, “na miye niko nakufanya vile vile. Kesho tuende ku bureau ya padri.”

Padri Blaise yuko hapa, atanisahihisha nikikosea. Alimuuliza kama anashuhudia kwamba mwanawe amekufa. Mama alijibu:

“Padri, andika kwamba alikufa kwa Nadège.”

“Mama, haiwezekani vile. Mutu anakufa kwa bote.”

“Kwako wewe.” Alivuta pumzi. “Nikikosea, Padri? Siku moja akitokea pale ku mulango, nani atamuambia ni mama yake alimuua?”

Padri alimsogezea karatasi, na tunamshukuru kwamba hakuongeza faraja. Mama alishika kalamu akaandika jina lake lote, herufi kubwa kubwa, kama alivyofundishwa mwaka wa nne. Kisha akatoka, akainama nyuma ya ukuta wa bureau, akatapika. Nadège alimshika kichwa. Hakuna kitu kikubwa zaidi Mama Florentine alichofanya duniani, na alikifanya bila kuamini hata neno moja la kile alichoandika.

Ndoa ilifungwa Butembo tarehe 20 Julai 2024. Mama alikaa upande wa bibi harusi, mahali pa mzazi. Alicheza, na anayesema hakucheza ni mwongo. Chakula hakukigusa.

Tangu pale presha ya damu ilipanda na haikukubali kushuka. Mwezi wa Oktoba alianguka sokoni, na upande wa kulia wa mwili ukafa. Germaine alimpeleka Butembo, hospitalini, akamwangalia huko pamoja na Nadège, ambaye alikuja kila siku na uji. Siku ya Noeli vijana wa kwaya walipita kuimbia wagonjwa. Walipomwona walisita mlangoni, kwa sababu sifa zake walizijua. Mama aliwaita kwa mkono mzima. “Muimbe,” alisema kwa nusu ya mdomo. “Mais musiniambie nifurahi.” Waliimba. Alifunga macho, na Germaine, aliyekuwa ameinama karibu, alisikia kitu ambacho hakikusikika kwa miaka mitano: mama yake alikuwa anafuata wimbo, chini kabisa ya pumzi. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 26 Desemba 2024, kabla jua halijatoka. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Imebaki jambo moja, nalo limetugombanisha jana mchana, hapa hapa, mbele ya moto wa kilio. Wengi mmesikia sauti, afadhali msikie na maneno.

Esdras alifika na vijana wawili wamebeba mgomba, umefungwa vizuri katika shuka. Alisema sasa aliyekuwa anakataa amelala, shimo ni moja, tumweke mtoto kando ya mama yake tumalize. Na katika wasifu, Germaine aandike Éphraïm pamoja na waliomtangulia Mama, si pamoja na wale anaowaacha. Germaine alifungua mdomo amjibu, na majibu alikuwa nayo mengi. Lakini Mwalimu Melchior alisimama kwanza. Na sisi wote tulingoja aseme ndiyo.

“Rudisha ile kitu,” alisema.

“Yaya, kaka yangu, ni wewe mwenyewe ulikubali ule mwaka.”

“Nilikubali sababu bibi yangu alikuwa pale wa kumufukua. Leo nikimuzika, nani atamufukua?”

“Na ndoa ya Nadège?” Esdras aliuliza. “Kanisa linasema alikufa, sisi tusome mbele ya batu iko muzima?”

Nadège alikuwa amekaa chini na mabinti wengine wa nyumba, pembeni ya moto. Alijibu yeye. “Ile Mama aliandika ku bureau, alinipatia miye. Ni yangu. Hii ni ya kwenu. Germaine, andika. Jina yake hainiogopeshi.”

Mzee Melchior hana tena bibi wa kumsemea hapana. Jana aliisema mwenyewe, akarudi kukaa. Mgomba uko nyuma ya jikoni. Mwenye mbuzi aje auchukue.

Mama Florentine Kahongya anaacha mume wake, Mwalimu Melchior. Anaacha watoto wake: Germaine wa Butembo, Anne-Marie wa Goma, ambaye hakupata njia ya kufika, na Éphraïm. Anaacha binti aliyempata kwa ndoa, Nadège, na bwana yake Syauswa. Anaacha wajukuu saba, na shemeji yake Esdras, ambaye alimpenda kwa namna yake. Anaacha wanawake wa mabenchi mawili, ambao leo ni tarehe 28 na wamekuja kulia hapa badala ya kule.

Bwana ampe usingizi, yeye ambaye kwa miaka mitano alilala jicho moja wazi. Hatumwombei anyamaze.

Habari hii imfikie Anne-Marie, kule Goma. Iwafikie jamaa wa Lubero na wote walio mbali. Imfikie Éphraïm, mahali popote alipo. Mama yako tumemzika leo, Kalunguta. Baba yako ndiye anayekungoja sasa.